Kitunguu saumu na sukari inayoganda kwenye protini: jibu kwa dada wa Arua, Uganda

*"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa tisa tangu apatikane na kisukari. Anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide, pamoja na aspirini ndogo aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo. Miezi miwili iliyopita alinunua kwenye basi unga wa kitunguu saumu. Muuzaji alisema unazuia sukari isigande kwenye protini za mwili, na kwamba Wazungu wameshalithibitisha jambo hilo maabara. Nimetafuta kwenye simu nikakuta kweli kuna utafiti wa namna hiyo. Tangu hapo mama anakoroga unga huo kwenye uji, na kila asubuhi kabla ya kula anameza punje sita mbichi, nzima nzima. Vidonge vya hospitali anameza leo, kesho anaruka, anasema kitunguu kinatosha. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 9.4. Usiku nyayo zinamwaka moto. Ana kidonda kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, anakifunga kwa kitunguu saumu kilichopondwa na anasema hakimuumi hata kidogo. Mwezi ujao anang'olewa jino. Je, kitunguu kinafanya kazi au tunajidanganya? Na kama kinafanya kazi, atumie kiasi gani?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kumuuguza mama. Habari za kitunguu nitakueleza kwa kirefu, lakini kidole cha mguu hakisubiri. Ukimaliza kusoma aya hii, mtoe mama hicho kitunguu. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kikaushe taratibu, kifunike kwa bandeji safi na kavu, na kesho asubuhi mpeleke akaonwe na mtu wa afya. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa kikikaa juu ya ngozi kwa saa kadhaa kinaunguza. Wapo wagonjwa wengi waliofika hospitali na malengelenge, hata vidonda virefu, kwa sababu hiyo tu. Mtu ambaye neva za miguu yake ni nzima angekitoa baada ya muda mfupi kwa uchungu. Mama yako hasikii. Hilo neno lako, "hakimuumi hata kidogo", limenishtua kuliko hiyo 9.4, kwa maana linaonyesha kwamba neva za mguu zimeanza kufa ganzi, na mguu wa kisukari usiosikia maumivu ndio unaopotea. Ukiona kidole kimevimba, ngozi imepata joto au imegeuka nyeusi, kuna usaha au harufu, au mama ana homa, usingoje asubuhi. Nendeni usiku huo huo.

Jambo la pili ni vidonge. Mpimeni sukari kwenye kidole leo, kisha arudie dozi yake kama alivyoandikiwa, kila siku, pamoja na chakula. Asiongeze kidonge hata kimoja ili kufidia siku alizoruka, kwa maana glibenclamide inaweza kuishusha sukari ikapitiliza. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea maneno yasiyoeleweka, mpe haraka chai yenye sukari au soda, kisha chakula. Kipimo kikisoma chini ya 4 (kwa mmol/L), fanya hivyo hivyo hata kama anasema yuko sawa. Kikisoma zaidi ya 15 huku ana kiu kali, anakojoa sana au anatapika, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kitunguu. Yule muuzaji wa kwenye basi hakuitunga habari yake kutoka kichwani. Ameokota jambo la kweli la maabara akalibebesha mzigo lisioweza kuubeba. Ili uone lilipozidiwa, inabidi uelewe sukari inafanya nini mwilini.

Glukosi inayozunguka kwenye damu ina tabia moja mbaya: ikikutana na protini kwa muda mrefu, inajishikiza yenyewe. Haihitaji kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) wala amri ya homoni yoyote. Mwanzoni mshiko ni dhaifu na unaweza kuachia ndani ya saa chache sukari ikishuka. Sukari ikibaki juu, mshiko unajipanga upya na kukaza. Baada ya wiki na miezi unageuka kuwa kitu kisichoachia tena, na hapo protini mbili zilizokuwa zimejitenga zinaweza kufungwa pamoja. Wataalamu wanauita mchakato huu glaikesheni. Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeueleza, mwaka 1912, na wewe unauona kila unapogeuza chapati: ile rangi ya kahawia na harufu tamu ni sukari na protini za unga vikishikana kwa moto. Mwilini hakuna kikaango, lakini kuna nyuzi joto 37 usiku na mchana kwa miaka.

Ile "sukari ya miezi mitatu" ya mama ni kipimo cha jambo hili hili. Maabara inahesabu ni sehemu gani ya hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, imeshikwa na sukari. Kwa mtu asiye na kisukari ni chini ya asilimia 5.7. Kwa mama ni 9.4. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi kisha mwili unatengeneza nyingine, ndiyo maana kipimo kinasoma miezi miwili mitatu ya nyuma, na ndiyo maana kinaweza kushuka mkirekebisha mambo. Hemoglobini ina bahati ya kuzaliwa upya. Kolajeni, ile protini ngumu inayoshikilia ngozi, viungo na kuta za mishipa ya damu, hukaa miaka mingi. Protini zilizo katikati ya lenzi ya jicho ni zile zile alizozaliwa nazo. Huko ndiko sukari inakoacha alama ya kudumu: mishipa inakakamaa, lenzi inafifia, figo zinavuja protini, neva zinakosa lishe.

Mwambie mama aunganishe viganja mbele ya kifua, vidole vimenyooka, kiganja kwa kiganja. Kama vidole havigusani vizuri na kunabaki uwazi ambao ungeweza kupitisha kalamu, basi umeona glaikesheni kwa macho yako: kolajeni ya mikono imefungwafungwa na sukari ya miaka tisa. Sisi kliniki tunakitumia kipimo hiki, na hakigharimu kitu. Kikionekana, mwambie daktari, kwa sababu mara nyingi mgonjwa wa namna hiyo ana shida kwenye macho au figo pia.

Oksijeni nayo ina mkono wake. Sukari ikiwa juu, seli zinazalisha kwa wingi chembe kali zinazoitwa radikali huru, ambazo zinachubua protini na mafuta ya mwili. Pia glukosi ikivunjwa, baadhi yake inageuka methilglioksali, kitu kidogo ambacho kinashika protini kwa kasi kubwa kuliko glukosi yenyewe. Madini ya shaba na chuma yaliyo huru yanachochea moto huo. Kwa hiyo uharibifu wa sukari na uharibifu wa oksijeni unakwenda pamoja, kila mmoja ukiukuza mwenzake. Kitu kinachozima radikali huru au kukamata shaba, kwa hesabu za maabara, kinapaswa kupunguza na glaikesheni.

Hapo ndipo kitunguu saumu kinapoingia, na kinaingia kihalali. Punje nzima haina harufu kali. Ukiikata au kuiponda, kimeng'enya chake kinakutana na kiini kiitwacho alini na kutengeneza allisini, ambayo Wamarekani Chester Cavallito na John Hays Bailey waliitenga mwaka 1944. Allisini haidumu, inavunjika kuwa misombo mingine ya salfa. Kitunguu saumu kikilowekwa miezi mingi kwenye mchanganyiko wa maji na alkoholi kinazalisha msombo mwingine, S-alilisisteini, ambao ni mtulivu na unafyonzwa vizuri tumboni. Mwaka 2006 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchanganya protini na sukari pamoja na dondoo la kitunguu saumu cha namna hiyo, kilichozeeshwa. Protini zilizofungana zilipungua. Nadhani huo ndio utafiti uliouona kwenye simu, au mmoja wa jamaa zake, kwa maana kazi hiyo imerudiwa kwa njia mbalimbali, hata kwa panya wenye kisukari.

Sasa angalia walichofanya na anachofanya mama. Kwenye chupa, protini imezama ndani ya dondoo saa zote, hakuna ini la kulichuja wala figo za kulitoa. Mama anameza punje nzima bila kutafuna. Kimeng'enya chake hakijakutana na alini, na kikifika kwenye asidi ya tumbo kinakufa. Kinachobaki ni harufu ya mdomo na kiungulia. Hata mtu anayetafuna vizuri, allisini haionekani kwenye damu yake, imeshageuka kabla. Na ule unga wa kwenye basi si dondoo lililozeeshwa kwa miezi. Hujui kimekaushwa kitunguu gani, kwa joto gani, na kimechanganywa na nini. Nikuongezee jambo linaloniogopesha kweli: katika nchi kadhaa, dawa za "asili" za sukari zimekutwa na glibenclamide iliyosagwa ndani kwa siri. Mgonjwa anafurahi sukari inashuka, kumbe anameza dozi mbili. Kama sukari ya mama ilishuka ghafla alipoanza unga huo, usishangilie. Peleka pakiti kliniki wakaione.

Halafu kuna somo ambalo sisi madaktari tulilipata kwa gharama kubwa. Kampuni za dawa zilitengeneza dawa maalumu ya kuzuia glaikesheni, iitwayo aminoguanidini. Maabarani dawa hiyo ilifanya kazi vizuri sana, kwa panya pia. Ilipopelekwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo zilizoharibika, haikuonyesha faida ya kutosha, madhara yakajitokeza, ikaachwa. Vitamini E nayo, kizuia oksidesheni maarufu (yaani kizima radikali huru), ilijaribiwa kwa maelfu ya watu walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, zaidi ya theluthi yao wakiwa na kisukari, kwenye utafiti mkubwa wa HOPE uliochapishwa mwaka 2000. Haikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu fulani kinalinda protini kwenye chupa, namwamini, kisha namuuliza: kwa binadamu je?

Kwa binadamu, kitunguu saumu kimejaribiwa. Ukiunganisha majaribio hayo, kinashusha kidogo sukari ya asubuhi kwa wenye kisukari, na kinashusha kidogo presha kwa wale ambao presha yao iko juu. Mengi ya majaribio hayo ni madogo, ya wiki chache, na karibu yote wagonjwa waliendelea na dawa zao, kitunguu kikaongezwa juu yake. Sijaona jaribio lolote lililoonyesha kwamba kitunguu saumu kimeokoa mguu, jicho au figo ya mgonjwa wa kisukari. Kushusha sukari yenyewe ndiko kumeonyesha hivyo. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili, ulikuta kwamba kila asilimia 1 inayopungua kwenye kipimo cha miezi mitatu inaambatana na kupungua kwa madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa karibu asilimia 37. Mama akitoka 9.4 akafika karibu na 7, protini zake zinapata ulinzi ambao hakuna punje ya kitunguu inayoweza kuukaribia. Sukari ikipungua kwenye damu, ya kuganda inakosekana.

Na hili mwambie mama mwenyewe, kwa upole, maana najua wazee wetu wanavyovichoka vidonge: ile metformin anayoiruka imeonekana kupunguza methilglioksali kwenye damu ya wagonjwa wa kisukari. Kazi ile ile anayoitafuta kwenye kitunguu, kidonge chake kinaifanya, na hospitali ya serikali anakipata bila kukinunua kwenye basi, dawa ikiwapo.

Kuhusu kiasi. Kama chakula, kitunguu saumu ni kizuri na sitaki mtu akiondoe jikoni. Punje moja au mbili kwa siku kwenye mboga, maharagwe au samaki zinatosha. Ziponde, ziache kwenye ubao dakika 10 ili allisini itengenezeke, ndipo uzitie kwenye sufuria, na ikiwezekana mwishoni mwishoni. Punje sita mbichi tumboni tupu sizikubali kwa mama yako, kwa sababu ya tumbo lake na kwa sababu ya aspirini. Kitunguu saumu kingi hupunguza kuganda kwa damu, aspirini nayo vile vile, na vikikutana damu hukawia kukata. Kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hatari ni kubwa zaidi. Unga wa basi aache kabisa. Kapsuli za dondoo lililozeeshwa zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya dawa Kampala ni nafuu kuliko unga kwa maana ya usalama, lakini kwa bei yake ningependa mnunue vijiti vya kupimia sukari. (Wasomaji wanaotumia dawa za VVU: kapsuli za kitunguu saumu ziliwahi kukutwa zinapunguza karibu nusu ya dawa moja ya zamani, saquinavir, kwenye damu. Dawa za leo ni nyingine, hata hivyo mjulisheni mtoa dawa wenu kabla ya kuzianza.)

Chakula chenyewe kina uzito kuliko kiungo. Hukuniambia mama anakula nini, kwa hiyo nitakisia kutokana na mezani kwetu wengi: ugali wa muhogo au posho (ugali wa mahindi) mlima mzima na mboga kijiko, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari mara tatu kwa siku, mandazi asubuhi. Geuzeni sahani. Mboga za majani ziwe nusu, maharagwe, njugu au samaki robo, ugali robo. Chai ipungue sukari kijiko kimoja kila wiki hadi iishe. Akitembea robo saa baada ya chakula cha jioni, misuli inanyonya sukari ile ile ambayo ingeenda kuganda, ila hili lisubiri kidonda kipone na apate viatu vilivyofunga vidole.

Nyayo zinazowaka usiku zinatokana kwa sehemu kubwa na sukari, lakini kuna jambo linalosahaulika. Metformin ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao unaleta ganzi na kuungua kwa miguu. Unatibika. Usimwachishe metformin kwa hilo. Muulize daktari kama B12 inaweza kupimwa, au apewe tu kama kipimo hakipo. Zipo dawa pia za kutuliza huo moto ili alale.

Jambo jingine la kuuliza kliniki ni kama hiyo 9.4 ni ya kuaminika. Uganda, takriban asilimia 13 ya watu wana chembe ya urithi ya selimundu bila kuugua, na baadhi ya mashine za maabara zinasoma vibaya damu yao. Upungufu wa damu, malaria ya karibuni au kuongezewa damu pia hupotosha kipimo, kwa kukionyesha chini au juu kuliko ukweli. Dawa yake ni rahisi: andika kwenye daftari sukari ya kidole ya asubuhi na ya saa mbili baada ya chakula kwa wiki mbili, nenda na daftari. Kama namba za kidole na ile ya miezi mitatu hazipatani, daktari ataamini daftari.

Kwa hiyo mkifika hospitali, kama ni ile ya rufaa hapo Arua au kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu, ombeni vitu hivi siku moja kama inawezekana: kidonda kisafishwe na kuangaliwa kama mfupa umeguswa, miguu yote miwili ipimwe ganzi kwa uzi ule mwembamba wa nailoni, mkojo upimwe protini, macho yaangaliwe ndani kwa matone ya kupanua mboni, na dozi za dawa zipitiwe upya. Usimfiche daktari habari ya kitunguu wala siku zilizorukwa. Akimkaripia mama, vumilieni; bila ukweli huo anaweza kudhani dawa zimeshindwa akampandishia dozi bure, na siku mama atakapozimeza zote ataanguka.

Na jino. Mwambieni daktari wa meno mapema kwamba mama ana kisukari, anatumia aspirini, na amekuwa akimeza kitunguu saumu kibichi kwa wingi. Hicho kibichi cha asubuhi akiache kuanzia leo, kwa vyovyote isiwe chini ya wiki moja kabla ya kung'oa; cha kwenye mchuzi hakina shida. Aspirini asiiache mwenyewe. Hilo ataamua aliyemwandikia pamoja na daktari wa meno. Aende asubuhi, akiwa amekula na kumeza dawa zake, na kama sukari siku hiyo iko juu sana, waahirishe. Baada ya kung'oa, aume pamba kwa nusu saa bila kuitoa kuchungulia, na kama damu bado inatiririka baada ya saa mbili, mrudishe.